Mlinifungulia Geti kwa Nini?

Vijana wangu, mkifika stoo ya mahindi siku yenu ya kwanza ya kazi, msianze kwa kuangalia gunia mtakalobeba. Angalieni juu. Gunia lililo begani mwako unalijua, shingo yako inakuambia habari zake. La kukuvunja ni lile ambalo hukulibeba wewe, limekaa huko karibu na mabati na halina haraka. Mimi maisha yangu ya kazi yote yamepita chini ya magunia ya namna hiyo, hapa Eldoret, katika stoo ya chama cha ushirika cha wakulima, na nimestaafu na miguu yangu miwili na vidole vyote. Nikipita mjini watu wananiita Mzee Barnaba wa Stoo. Najivunia jina hilo kuliko vile wengine wanavyojivunia magari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kamau, mnyapara wetu, ndiye aliyetusimamia sisi wabebaji wote. Kwao kulikuwa Timboroa, kule kwenye baridi kali, na alivaa sweta na koti juu yake hata mwezi wa kwanza, jua likiwa linapasua ardhi. Alisema mtu aliyezaliwa Timboroa haliamini jua, linaweza kubadilisha nia wakati wowote.

Rundo la magunia yaliyopangwa sisi tunaliita staki. Staki yangu ya kwanza niliijenga kwa moyo wote. Ilisimama wima kama ukuta wa kanisa, nikarudi nyuma kuitazama nikiwa nimeshika kiuno. Mzee Kamau akaizunguka polepole akitafuna punje za mahindi. Halafu akachukua gunia tupu, akalikunja vizuri kama mto, akaliweka sakafuni chini ya staki yangu na kunialika nilale kidogo, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa bado. Nilicheka. Yeye hakucheka. Niliangalia ule mto, nikaangalia staki, nikagundua sina usingizi hata kidogo.

"Wewe uliyeijenga huwezi kulala hapo," akaniambia. "Mkulima atasimama hapo vipi?"

Nikaibomoa yote na kuanza upya. Akanionyesha kwamba gunia hulazwa kama tofali, safu hii kwa urefu, inayofuata kwa kukingama, ili kila moja lifunge jingine. Mdomo wa gunia uangalie ndani, ushonaji ukiachia mahindi yamwagike katikati, si kwa kichwa cha mtu. Kadiri unavyopanda unaingia ndani kidogo, staki iwe na mabega. Na chini lazima kuwe na mbao, kwa sababu saruji hutoa jasho wakati wa mvua na gunia la chini likioza, hata la juu kabisa liko hewani.

Msidhani mzee huyo alikuwa malaika. Alikuwa mbishi. Wakati huo ukavu wa mahindi ulipimwa kwa meno: unauma punje, ikilia ka! basi imekauka, ikinyamaza mkulima arudi akaanike. Meneja mpya, Bwana Lagat, alipoleta mashine ya kupima unyevu, Mzee Kamau alikataa hata kuiangalia. Aliendelea kuuma punje mbele ya wakulima, mashine ikiwa kando yake, mpaka siku lori moja lilipoleta mahindi makavu kweli kweli na jino lake la mbele likavunjika vipande viwili. Alikaa chini kwenye gunia, akalitazama lile jino kiganjani. Halafu akamwita Bwana Lagat kwa heshima zote na kumwomba amfundishe ile mashine inavyowashwa.

Kilichotuingiza katika matata hakikuwa mashine. Kilikuwa gunia lenyewe. Zamani tulitumia magunia ya katani. Gunia la katani lina manyoya, linashikana na la jirani kama ndugu waliokutana baada ya miaka. Kisha yakaja ya nailoni, mepesi na ya bei nafuu, na kila mtu akafurahi. Lakini nailoni juu ya nailoni ni kama sabuni juu ya sabuni. Mzee Kamau alikuwa ameshastaafu wakati huo, na sisi tuliobaki tuliendelea kujenga kwa urefu ule ule wa zamani. Hata tuliongeza, kwa sababu mavuno yalikuwa mazuri na nafasi haikutosha.

Msimu mmoja mvua ilikataa kuondoka. Wakulima walikuwa wanavuna na huku inanyesha, wote wakakimbilia kwetu kwa pamoja. Foleni ya malori na trekta ilitoka kwenye geti letu ikashika barabara. Chama kiliajiri vibarua wengi wa haraka haraka, staki zikapanda mpaka zikakaribia mabati. Mimi nilikuwa nje upande wa mizani. Wakulima waliokuwa wakingoja zamu hawakuwa na pahali pa kujikinga, kwa hivyo waliingia ndani ya stoo na kusimama kati ya staki, wakikunja mikono kwa baridi. Hakuna aliyewafukuza. Kulikuwa na kibao kwenye geti kilichosema kwamba anayeingia anaingia kwa hatari yake mwenyewe, lakini nani husoma kibao akinyeshewa?

Alasiri moja mvua ikiwa inapiga mabati hata huwezi kumsikia mtu aliye kando yako, nilihisi ardhi ikitetemeka miguuni. Nilidhani lori limegonga ukuta. Kisha nikaona vumbi la mahindi likitoka mlangoni kama moshi, na watu nyuma yake.

Staki ya karibu na mlango ilikuwa imeteleza yote upande mmoja. Wengi waliruka. Aliyebaki chini alikuwa Mama Selina, mkulima wa Turbo, mjane aliyelima shamba lake mwenyewe na kuendesha trekta lake mwenyewe. Tuliyatupa magunia kando kama wendawazimu. Tulipomfikia alikuwa macho, uso umejaa unga wa mahindi, mguu wa kulia umepinda pale ambapo mguu hauna kiungo. Sijasahau alichosema. Aliniambia nitafute mtu wa kufunika trela lake, mahindi yasilowe.

Alipelekwa hospitalini kwa pikapu ya chama. Paja lilikuwa limevunjika. Akafanyiwa upasuaji, akatiwa chuma, na habari za kwanza zilisema huenda asitembee sawasawa tena.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu ilipojaribiwa. Kesho yake asubuhi Bwana Lagat alituita sote. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamfanya shetani. Alikuwa na bidii na kila siku alifika kazini kabla yetu. Lakini alikuwa ameongea na wakili wa chama, na wakili alikuwa amemwambia kwamba kibao kiko kwenye geti, mama aliingia mwenyewe, kwa hivyo hakuna mtu wa chama aseme neno. Tusiende kumwona. Tusimpigie simu. Hata pole tusiseme, kwa sababu pole, mbele ya sheria, inaweza kusomwa kama kukubali kosa. Atakayekaidi asirudi kazini.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikayasimulia yote. Nilikuwa na watoto shuleni. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza tangu lini mtu aumie kwako na wewe ukaogopa kumwambia pole. Jumapili baada ya kanisa tukachukua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, tukaenda Turbo.

Mama Selina alikuwa amelazwa sebuleni, mguu juu ya mito, dirisha limefunguliwa ili aone shamba lake. Tulisalimiana, tukakaa. Yeye ndiye aliyeanza kuongea. Alisema ameshangaa kwamba watu wa kanisa wamekuja, watu wa soko wamekuja, hata jirani waliyekosana naye juu ya mpaka amekuja, lakini kutoka stoo hakuna aliyekanyaga.

"Hata pole mmekatazwa?" akaniuliza.

Nilimwambia ndiyo, tumekatazwa. Kisha nikamwambia, "Pole sana, Mama."

Aligeuza uso kuelekea dirishani kwa muda. Halafu akasema kwamba hataki vita na stoo. Stoo ni yake pia, yeye ni mwanachama, alianza kuleta mahindi pale akiwa bibi harusi. Watoto wake wanamwambia aende kortini, na pengine ataenda. Lakini kabla ya hapo ana swali moja, na angependa kuwauliza wenye stoo uso kwa uso.

Mkutano mkuu wa wanachama ulifanyika uwanjani kwetu, viti vimepangwa chini ya turubai. Bwana Lagat alisoma ripoti nzuri ya mavuno. Alipofika kwa ile ajali aliisoma upesi upesi, akasema ilikuwa bahati mbaya na kwamba tahadhari ilikuwa imeandikwa wazi getini. Baadhi ya wanakamati wakatikisa vichwa kukubali. Wakati huo huo trekta likaingia, likiendeshwa na mwanawe Mama Selina, na yeye mwenyewe amekaa kwenye trela juu ya kiti cha nyumbani, magongo mawili mapajani.

Vijana wanne walimshusha na kiti chake. Mwenyekiti wa chama, mzee mmoja mpole, akamruhusu kuongea. Hakusimama. Alisema mguu wake haujakubali bado.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Hicho kibao kilipakwa rangi, lakini geti lilifunguliwa na mtu. Kama ndani ni hatari, mlinifungulia geti kwa nini?"

Akaendelea taratibu, kama mtu anayepima mbegu. Alisema walimfungulia kwa sababu walitaka mahindi yake. Walijua mvua inanyesha. Walijua wakulima hawajajengewa hata kibanda cha kungojea. Mtu akikuita kwake ukaja, ukaangukiwa na dari yake, hawezi kukuambia kwamba ulikuja kwa miguu yako. Mmoja wa wanakamati akainuka na kusema kwamba, kwa heshima zote kwa mama, wakulima hawapaswi kusimama ndani ya stoo, na wengi hawafanyi hivyo.

Hapo mwenyekiti akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliuliza kwa upole, nani kati ya wanachama amewahi kujikinga mvua ndani ya ile stoo, ainue mkono. Yeye mwenyewe akainua wake kwanza. Mikono ikapanda, uwanja mzima. Na mstari wa mbele kabisa, mama mmoja mzee aliyejifunga leso kichwani naye akainua mkono wake mwembamba juu. Huyo alikuwa mama mzazi wa Bwana Lagat.

Bwana Lagat aliuona. Sote tulimwona akiuona. Alishika zile karatasi zake, akazitazama, akazikunja na kuzitia mfukoni. Wakili alikuwa amekaa nyuma yake, akamgusa kiwiko. Bwana Lagat akatoka pale mezani, akatembea mpaka kwenye kiti cha Mama Selina, akachuchumaa ili wawe macho kwa macho. Alisema bila kipaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya hata sisi wa nyuma tulisikia.

"Mama, tulikosea. Wewe ulikuwa mikononi mwetu na hatukukuangalia. Pole."

Mama mmoja akaanza kupiga makofi, kisha wengine, kisha sisi wabebaji tukaanza kupiga miluzi kama tuko uwanja wa mpira. Mama Selina alimwambia Bwana Lagat ainuke, suruali yake itachafuka. Hapo ndipo nilipoona machozi yake kwa mara ya kwanza. Siku ya magunia hakulia.

Siku hiyo hiyo wanachama wakapitisha kwamba chama kitagharamia matibabu yake mpaka apone, na kwamba shamba lake halitalala. Hilo la pili lilituangukia sisi. Msimu wa kupanda ulipofika, trekta la chama likalima kule Turbo, na sisi wabebaji tukaenda kupanda. Jamani, kubeba mahindi si kupanda mahindi. Mistari yetu ilikwenda kama nyoka aliyelewa. Mama Selina alikaa kwenye kiti chake kando ya shamba akituelekeza kwa gongo, na kila tulipokosea alituambia turudie. Bwana Lagat alikuja na viatu vya ofisini, akapewa mstari wake, na wake ndio uliopinda kuliko yote. Tulipewa ugali na kuku, tukarudi mjini tukiimba.

Huko stoo nako mambo yalibadilika. Mimi nikafanywa mnyapara. Tulishusha urefu wa staki zote za nailoni, na tukaweka magunia machache ya katani katikati ya safu ili zishikane. Kikajengwa kibanda cha wakulima chenye mabenchi na birika la chai. Mstari wa rangi ya njano ukachorwa sakafuni, mgeni hauvuki bila mtu wa stoo. Kile kibao kilishushwa kikawa kuni za ile chai. Mama Selina akachaguliwa kwenye kamati, na yeye ndiye aliyeleta kanuni iliyobishaniwa kuliko zote: mtu yeyote, awe meneja, kibarua au mkulima, akihisi hatari apige kelele "Tokeni," na wote watoke kwanza, maswali baadaye. Hata ikiwa amekosea, asichekwe na asikatwe siku yake ya kazi. Watu walisema tutakuwa tunakimbia kila siku kama kuku. Bwana Lagat akaiunga mkono, ikapita.

Kwa muda mrefu haikutumika. Kisha kukaja msimu mwingine mkubwa. Mchana mmoja, jua kali, malori yamejaa, stoo ina watu kila upande. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Kiplombe, anaitwa Rhoda, tuliyemwajiri wiki hiyo kufagia mahindi yaliyomwagika. Alikuwa mkimya, hata kuitikia salamu aliitikia kwa kichwa. Mimi niko mlangoni, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Tokeni! Tokeni nyote!"

Alikuwa ameutupa ufagio. Wabebaji wakatupa magunia hapo hapo, taniboi, wale wasaidizi wa madereva, wakaruka kutoka kwenye malori, wakulima wakaacha chai yao na kuwafuata wengine uwanjani bila kujua wanakimbia nini. Bwana Lagat akatoka na kikombe mkononi. Nilihakikisha kila mtu wangu yuko nje, kisha nikamuuliza Rhoda ameona nini. Alisema hakuona kitu cha maana, alikuwa anafagia chini ya staki ya katikati, na kila akimaliza mahindi yanarudi pale pale, akaogopa tu.

Tukangoja. Stoo ilikuwa kimya. Dereva mmoja akaanza kulalamika kwamba anacheleweshwa juani, mwingine akacheka kwa pua, na Rhoda akainamisha kichwa. Niliwaona vijana wangu wawili wakijisogeza kuelekea mlangoni. Bwana Lagat akawazuia kwa mkono. Alisema hakuna anayeingia mpaka mimi na yeye tuzunguke kwa nje tuangalie kupitia madirisha, na kama kuna anayeona mama huyu ametupotezea wakati, amlaumu yeye.

Hatukufika hata dirisha la kwanza. Ndani kulisikika mlio kama wa mtu anayeburuta kitu kizito, kisha ngurumo ikatokea, ukuta ukatikisika, na vumbi likatoka kwa mlango wote. Staki ya katikati ilikuwa imelala kwenye sakafu, pale pale ambapo watu wangu walikuwa wakipishana muda mfupi tu uliopita. Baadaye tuligundua mbao za chini zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, kwa nje zikionekana nzima, na magunia yaliyozilalia yakawa yanazama na kuvuja polepole.

Nilihesabu watu wangu tena, kisha nikawahesabu tena. Wote walikuwepo. Hapo ndipo sauti zikapasuka. Yule dereva aliyelalamika ndiye aliyemwinua Rhoda juu, wengine wakamshika, akabebwa begani kuzunguka uwanja kama mwanariadha aliyerudi na dhahabu, yeye akishikilia leso yake na kuomba ashushwe. Mama Selina alifika jioni na gari lake, akitembea kwa miguu yake, akichechemea kidogo tu. Alisimama mlangoni akaangalia ule mlima wa magunia yaliyopasuka, na chini yake hakuna mtu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akamshika Rhoda mkono.

Vijana wangu, nimeona mavuno makubwa na nimejenga staki ambazo watu walikuja kuzipiga picha. Lakini nikiulizwa siku yangu bora kazini, ninataja ile ambayo mahindi yalimwagika yote sakafuni na wafanyakazi wote, wakulima wote na madereva wote tukakaa nje juani tukinywa chai, tukiwa wazima.